Nani Hubeba Uzito wa Bampa la Nyuma?

Katika maegesho ya ofisi zetu za umma pamezuka mashindano ambayo hayana ajenda wala muhtasari wa kikao. Ni mashindano ya mabampa. Gari la idara moja likivikwa chuma kipya nyuma, chenye mikono miwili ya kubebea matairi ya akiba, vishikio vya madumu na ngazi ya kupandia juu, haupiti muda mrefu kabla gari la idara jirani halijapelekwa gereji kuvikwa kikubwa zaidi. Anayepita hapo na miguu yake husimama, akatazama, akatikisa kichwa kwa mshangao au kwa tamaa, akaenda zake. Hakuna anayeuliza chuma kile kina kilo ngapi.

Mimi nauliza. Nadai kwamba bampa zito la nyuma katika gari la umma ni uamuzi wa kisiasa uliofanywa bila kuitwa kwa jina lake. Unampunguzia mwananchi nafasi ndani ya gari lililonunuliwa kwa kodi yake, unamuumiza akiwa ndani, na unamhatarisha akiwa nje. Badala yake lipo, tena si jambo la kufikirika: bampa jepesi, lililosanifiwa vizuri na kufungwa kwa ustadi.

Magari ninayoyazungumzia yanafahamika. Ni yale ya porini, hasa Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1984 na ambazo watu wetu huziita hardtop. Ziko chini ya namba za ST za serikali kuu, SM za serikali za mitaa, SU za mashirika ya umma na DFP za miradi ya wafadhili. Zimebeba chanjo, masanduku ya kura, mitihani ya darasa la saba, maiti na maharusi. Shangingi la mkubwa ni habari nyingine, ingawa nalo nitaligusa kidogo. Hardtop ni gari la kazi, na ndiyo maana kila kilo inayoongezwa juu yake ina mwenyewe aliyeporwa.

Tufanye hesabu, maana siasa za nchi hii zimechoka kwa kukosa hesabu. Kila gari hutoka kiwandani likiwa na uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu, na kinachobaki ndicho gari linachoweza kubeba kihalali na kwa usalama: watu, mizigo, pamoja na kila kitu tulichokiongeza wenyewe baadaye. Kwa magari mengi ya aina hii tofauti hiyo huwa kati ya kilo 600 na kilo 1,000. Tuchukue kilo 800 kwa mfano. Pandisha watu 10 wenye wastani wa kilo 70 kila mmoja, nao wamekula kilo 700. Zimebaki 100. Sasa tuseme bampa jipya la chuma pamoja na mikono yake lina kilo 90, tairi la pili la akiba kilo 35, na madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa dizeli kilo 40. Jumla ni kilo 165. Gari limekwisha kuzidiwa kwa kilo 65 kabla sanduku moja la dawa halijapakiwa. Lingekuwa na bampa jepesi la kilo 35, tairi moja la akiba likabaki mahali pake pa kiwandani na madumu yakaachwa nyumbani kwa safari ambazo vituo vya mafuta vipo njia nzima, kungebaki nafasi ya kilo 65. Tofauti ya hali hizi mbili ni kilo 130, yaani karibu watu wazima wawili. Muuguzi na mgonjwa wake wameachwa kituoni ili chuma kipate kusafiri.

Hesabu hiyo bado inalipendelea bampa zito, kwa sababu haijagusa mahali lilipofungwa. Kila aliyesoma fizikia ya sekondari anaikumbuka wenzo: nguvu ikiwekwa mbali na egemeo, athari yake huongezeka. Bampa la nyuma linaning'inia nyuma ya ekseli, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Katika hardtop ndefu ya mfululizo wa 78, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.98. Kitovu cha uzito wa mzigo wetu wa kilo 165 kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hupunguziwa takriban kilo 66, na ekseli ya nyuma hubebeshwa zote 165 pamoja na zile 66 zilizohama kutoka mbele, yaani kilo 231. Mtu amenunua kilo 165 na springi zimepelekewa ankara ya 231! Na huko mbele, ambako ndiko kwenye usukani na sehemu kubwa ya kazi ya breki, gari limekuwa jepesi kuliko alivyokusudia mhandisi. Dereva huligundua hilo kwenye kona yenye tope, muda ambao haufai kugundua jambo lolote. Bampa la kilo 35 likifungwa mahali hapohapo huhamisha kilo 14 tu kutoka mbele.

Kisha hufuata dawa ambayo ni mbaya kuliko ugonjwa. Gari likilala nyuma, afisa huagiza springi ziongezwe. Fundi anaongeza majani mawili au matatu, gari linasimama wima, na kila mtu anapeana mikono. Ila springi ngumu hailegei kwa sababu aliyelazwa ndani ni mama mwenye uchungu wa kujifungua. Fikiria barabara ya vumbi ya Nangurukuru kwenda Liwale, au barabara yoyote iliyokunjamana kama bati la kuezekea. Kila mkunjo hupita kwenye tairi, ukaingia kwenye springi zilizokazwa kwa ajili ya bampa, ukamfikia yule mama mgongoni. Wanaofunga mabampa haya hawasafiri wakiwa wamelala kwenye machela. Wanakaa mbele, kwenye kiti chenye sponji nene, na wakifika huzungumzia ugumu wa gari kana kwamba ni sifa.

Ni vizuri kujua mtindo huu umetoka wapi. Vyuma vizito vya magari ya porini vilikuzwa sana Australia, nchi ambayo mtu anaweza kuendesha mamia ya kilomita usiku na kukutana na kangaruu barabarani. Huko kulizaliwa biashara kubwa. Kampuni ya ARB, kwa mfano, ilianzishwa Melbourne mwaka 1975. Sina ugomvi na Waaustralia. Walikuwa na tatizo, wakatafuta jibu, wakaliuza. Lakini bampa la mbele la kukabiliana na kangaruu lina sababu yake; je, la nyuma lina sababu gani? Hakuna kangaruu anayelikimbiza gari akaligonga kwa nyuma. La nyuma lilifuata kwa sababu gari lenye chuma mbele lilionekana uchi nyuma, na kwa sababu katalogi huwa na kurasa za kutosha. Sisi tukaipokea katalogi nzima kama tunavyopokea mengi: bila kuuliza swali ambalo kila kifaa kilikuwa kinajibu kule kilikotoka.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kazi halali za bampa la nyuma zipo, nazo ni chache. Linalinda pembe za chini za bodi gari linapotoka kwenye korongo, pale ambapo mkia hugusa ardhi. Linatoa mahali imara pa kuweka jeki gari likiwa limezama. Linabeba taa, namba na viakisi mwanga. Na linaacha njia wazi ya kufikia ndoano za kuvutia gari, ambazo kwa haki zinapaswa kufungwa kwenye chesi yenyewe na si kwenye ngozi ya bampa. Orodha imeishia hapo. Bampa la kiwandani la magari mengi halitimizi yote manne, na kwa hiyo kulibadilisha kunaweza kuwa jambo la busara kabisa. Ninachokipinga ni kulibadilisha kwa lenye uzito mara nne ya kinachohitajika.

Hoja ninayokutana nayo mara kwa mara, hata kwa watu wenye shahada zao, ni kwamba chepesi ni dhaifu. Hao ningewapeleka mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, na kampuni ya Rover pale Solihull ilitaka kutengeneza gari la shambani. Ikachukua aloi ya aluminiamu kwa ajili ya bodi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyopatikana, ikaiweka juu ya chesi ya chuma. Hiyo ndiyo Landrova. Bibi zetu waliipanda, wamisionari waliipanda, polisi wa mkoloni na polisi wa uhuru waliipanda, na hadi leo zipo vijijini zikiwa zimebeba mahindi. Wepesi wake ulitokana na uhaba, na uhaba ukamlazimisha mhandisi afikiri. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, jeshi la Uingereza lilitaka Landrova inayoweza kuninginizwa chini ya helikopta, ikatengenezwa ile iliyobandikwa jina la Lightweight. Jambo la kuchekesha ni kwamba ikiwa na sehemu zake zote ilikuwa nzito kuliko ya kawaida; ilifikia uzito uliotakiwa pale tu askari walipovua milango, kioo cha mbele na vinginevyo. Siku hizi nikiona kifaa kimeandikwa kwamba ni chepesi, huomba mizani kwanza.

Maana yapo mabampa ya aluminiamu yanayouzwa kwa bei kubwa na kusifiwa kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni. Aluminiamu ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule: kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, chuma kikiwa na 7,850. Lakini ukakamavu wake nao ni theluthi moja. Kwa hiyo bati la aluminiamu likitakiwa lisipinde zaidi ya bati la chuma la milimita 3, huna budi kulifanya liwe na takriban milimita 4.3. Faida halisi inayobaki ni kama nusu ya uzito. Nusu si haba, ila si theluthi mbili zinazotangazwa. Na kuna mengine. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa; mwenye gari Kilwa, Mafia au Lamu anayefunga bampa la aluminiamu kwenye chesi ya chuma bila kuweka kitu cha kutenganisha atakuta unga mweupe kwenye matundu ya bolti. Aluminiamu pia haisahau: mitetemo midogo ya barabara ya mikunjo, ikirudiwa mara mamilioni, huipasua hata kama hakuna mtetemo mmoja uliokuwa mkubwa. Ikipasuka, kuichomelea kunataka gesi ya agoni na mkono uliofundishwa, na pale ilipochomewa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Fundi wa Liwale mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea hana la kufanya isipokuwa kuifunga kwa mpira wa ndani wa tairi.

Wapinzani wangu hufurahi wakifika hapa. Wanasema: unaona, basi turudi kwenye chuma kizito. La hasha. Chukua karatasi moja, ishike ncha. Inalegea. Ikunje mara mbili kama paa, ishike tena. Imesimama, na haijaongezeka hata gramu moja. Wepesi katika bampa huletwa zaidi na umbo kuliko madini. Bati la chuma lenye urefu wa mita 2 na upana wa nusu mita, unene wa milimita 5, lina kilo 39. La milimita 3 lina kilo 23 na nusu. Likikunjwa vizuri, likaungwa kwenye bomba pale penye kazi ya jeki, likatobolewa pale pasipo na kazi, linatosha kwa mahitaji yale manne niliyoyataja. Na linachomelewa popote penye umeme au jenereta, na fundi yeyote mwenye akili timamu.

Hapa ndipo jambo la bampa linapogusa jambo kubwa zaidi la nchi. Tuna vyuo vya VETA vinavyofundisha kukunja bati na kuchomelea. Tuna SIDO tangu mwaka 1973. Tuna Nyumbu pale Kibaha, mahali palipojaribu kutengeneza lori zima, sembuse bampa. Arusha kuna gereji ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikikata Land Cruiser katikati, zikairefusha, zikaiwekea paa la kunyanyuka ili mtalii asimame kutazama simba, kisha gari hilo likapelekwa kwenye mikunjo ya barabara ya Naabi siku baada ya siku. Watu wenye uwezo wa kurefusha chesi hawashindwi kukunja bati la milimita 3. Kinachokosekana ni mteja mkubwa anayeandika kwa usahihi anachokitaka. Mteja mkubwa kuliko wote ni serikali, na serikali yetu ikitaka bampa huandika neno moja, "heavy duty", neno ambalo kwa maana yake ya kawaida madukani ni ruhusa ya kuuziwa chuma chochote. Fundi anayelipwa kwa ukubwa wa anachokifunga atafunga kikubwa. Wa kulaumiwa ni aliyemwandikia hati ya kazi.

Kenya mwaka 2009 ilijaribu kubana magari ya wakubwa kwa kuweka kikomo cha injini, sentimita za ujazo 1,800, na mawaziri wakaambiwa waachie magari makubwa wapande Volkswagen Passat. Tulicheka na wengine wakasifu. Ninachokikumbuka kutoka mjadala ule, huko na huku kwetu, ni kwamba ulihusu injini na bei ya kununulia, na haukugusa kabisa kile kinachofungwa baada ya gari kufika. Ununuzi wa gari hupita kwenye zabuni, hukaguliwa, hupigiwa kelele magazetini. Bampa hupita kwenye fungu la matengenezo, kimyakimya, kwa sahihi mbili. Mkaguzi akija anakuta risiti halali ya kitu kisichohitajika. Nawaomba wanafunzi wangu wa utawala wa umma waitafakari sentensi hiyo, kwa sababu ndimo yanapojificha matumizi mengi ya serikali za Afrika, na bampa ni mfano mdogo unaoonekana kwa macho.

Kisha yupo dereva. Springi ya gari lililozidiwa ikikatika njiani, anayeandika maelezo ni yeye. Logibuku ni yake, sahihi ni yake, makato ni yake. Aliyeagiza bampa amehamishiwa wizara nyingine. Dereva wa serikali ndiye mtaalamu pekee anayejua kwa mwili wake uzito wa kile chuma, na ndiye mtu wa mwisho kuulizwa. Kama kungekuwa na kanuni kwamba hakuna kitu cha zaidi ya kilo 20 kinachofungwa kwenye gari la umma bila maoni ya maandishi ya dereva wake, nusu ya mabampa haya yasingekuwapo.

Na yupo mtu wa nje. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2005 la kudhibiti vyuma vya mbele vya magari, likitaka vipimwe kwa madhara yake kwa mtembea kwa miguu kabla ya kuuzwa. Kwetu, pembe ya bampa la nyuma hukatwa kwa msasa ikawa kama shoka, ikatokeza nje ya bodi kwa kiganja kizima, kwenye kimo kilekile cha goti la mwendesha bodaboda. Foleni ya Mandela au ya Morogoro Road inajulikana: bodaboda hupita kwenye nafasi ambayo sindano isingepita. Likiwa la plastiki au la bati jembamba, bampa hubonyea. La milimita 5 likiwa limefungwa moja kwa moja kwenye chesi halibonyei. Kitakachobonyea ni mguu. Zaidi ya hayo, matairi mawili na madumu yaliyopangwa mlangoni huziba kioo cha nyuma, dereva akarudi nyuma katika uwanja wa shule kwa kubahatisha. Mtoto wa darasa la kwanza haonekani nyuma ya tairi la hardtop. Kimo chake ndicho hichohicho.

Wanaosema bampa zito huwalinda walio ndani wanasema nusu ya kweli. Kwenye mgongano mdogo wa maegesho, ndiyo, mlango utapona. Kwenye mgongano mkubwa, nguvu haipotei kwa kuwa chuma hakikupinda. Inapitishwa kwenye chesi, na kutoka chesi hadi kwenye shingo za abiria.

Sasa nizungumze na yule afisa usafirishaji ambaye amesoma hadi hapa na anataka kufanya jambo kesho asubuhi. Anaweza kuandika hati ya kazi ya ukurasa mmoja. Uzito wa bampa likiwa kamili, pamoja na bolti zake, usizidi kilo 35, na lipimwe kwenye mizani mbele ya mpokeaji kabla ya kufungwa. Bati la chuma lisizidi milimita 3 isipokuwa kwenye vikalio vya jeki. Pembe zote ziviringwe, na lisitokeze nje ya mstari wa bodi. Lisizibe kioo, taa wala namba. Kutoboa au kuchomelea chesi ni marufuku. Yatumike matundu ya kiwandani, ambayo karibu kila mara yapo.

Na kazi yenyewe ya kufunga isimamiwe na mtu anayejua anachotazama. Bolti za zamani zilowekwe mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha, ili zisikatwe kwa hasira asubuhi. Waya za taa zichomolewe kwenye soketi zake badala ya kukatwa na kuunganishwa kwa mkanda. Bampa jipya lipachikwe kwanza kwa bolti zilizolegea, lisawazishwe kwa washa, ndipo likazwe kwa zamu, upande huu na upande ule. Bolti ziwe na alama 8.8 au 10.9 kichwani, isiyo na alama irudishwe dukani hata kama ni mpya. Kati ya bampa na bodi iachwe nafasi ya kutosha kuingiza kidole, kwa sababu bodi imekaa juu ya mipira na chesi hujinyonga porini; bampa lililobana litaipasua rangi kwanza, kisha bati. Bomba la moshi lisiguse. Kama ni aluminiamu, kila mahali panapokutana na chuma pawekwe washa ya plastiki na rangi ya kuzuia kutu. Na kile kichwa cha kuvutia trela, chenye umbo la mpira, kisitumiwe kamwe kunasua gari lililokwama kwa kamba ya kuvuta kwa kishindo: kikikatika huruka kama risasi ya mzinga, na huko Australia kimekwisha kuua watu.

Baada ya kilomita 500 gari lirudi, kila bolti ikazwe upya, na dereva aandike kwa mkono wake kama gari limebadilika katika breki na kona. Karatasi hiyo iwekwe kwenye jalada la gari, pamoja na uzito wa bampa la zamani lililovuliwa. Wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho wanaweza kuanzia kwenye majalada hayo. Na pasipo na majalada, mizani ya gunia la mahindi sokoni hupima bampa bila shida yoyote.